Mwongozo kamili wa kula kwa madansa: siku ya mazoezi na siku ya shoo, bila kuona giza na bila kuuchukia mwili

Kila mwezi napata ujumbe uleule, hubadilika jina tu. "Dada, nimeacha wali, nimeacha ugali, asubuhi nakunywa maji ya ndimu, lakini tumbo halikatiki na mazoezini naona giza." Nikimuuliza mara ya mwisho kula ni lini, jibu ni "jana usiku." Na jana usiku ulikula nini? Hapo anakaa kimya kidogo, kisha: "Nilikula sana, naona aibu kusema."

Nimefundisha shoo Dar es Salaam kwa miaka kumi na ushee, na kabla ya hapo nilikuwa nanengua mwenyewe. Wanaoshindwa wanashindwa palepale. Wanajilaumu kwa sahani ya usiku, kumbe kosa lilishafanyika asubuhi walipotoka nyumbani tumbo tupu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia asubuhi. Ukirukia mambo ya kioo na umbo kabla ya kula asubuhi, utarudi na ujumbe uleule.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au mimba aanze kwa daktari wake, kisha arudi hapa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu hapana, nitaeleza.
- Chupa ya maji ya lita 1. Ukiwa nazo mbili, vizuri zaidi.
- Kibakuli chenye mfuniko usiovuja, cha kubebea chakula.
- Chumvi, sukari, ndimu na kijiko cha chai.
- Akiba ya mkobani isiyoharibika: karanga za kukaanga, kashata, tende.
- Mizani ya kuazima, kwa siku moja tu.

Huhitaji unga wa protini, chai ya kupunguza mwili, wala mkanda wa kubana tumbo. Ukishanunua, usijilaumu, ila usiviweke kwenye mkoba wa mazoezi.

## Hatua ya 1: Andika siku tatu bila kubadilisha kitu

Piga mistari upate safu nne: saa, nilichokula, nilichofanya, nilivyojisikia. Siku moja iwe ya mazoezi mazito, moja ya kawaida, moja ya mapumziko.

Usiandike kalori. Usiandike "nimekula ovyo". Andika "chapati 2, chai ya maziwa", basi. Daftari linashinda simu kwa sababu programu nyingi za kuhesabu chakula hukupigia alama nyekundu, na wewe alama nyekundu umeshazizoea kichwani mwako.

Ukurasa ninaouona mara nyingi unafanana na huu:

Saa 1 asubuhi: chai ya rangi, sukari vijiko 2.
Saa 5: maji.
Saa 9 alasiri: soda na biskuti.
Saa 10 hadi 12 na nusu: mazoezi. Kichwa kinauma, magoti yanatetemeka.
Saa 3 usiku: wali sahani mbili, chapati 3, kashata, na alichobakisha mdogo wangu.
Saa 4 usiku: nalia.

Sasa zungushia duara kila mahali palipopita zaidi ya saa tano za mchana bila chakula cha maana. Chai tupu haihesabiwi, maji ya ndimu hayahesabiwi.

Umefanikiwa ukiwa na kurasa tatu za kweli na duara angalau moja. Wengi huwa na duara linaloanza alfajiri na kuishia jioni.

## Hatua ya 2: Jaza asubuhi

Ini huhifadhi gramu 100 hivi za wanga wa akiba, na usiku uliolala sehemu kubwa imetumika. Ukitoka nyumbani bila kula unaanza siku na debe tupu. Mwili hauna habari kwamba unataka kukata tumbo. Unaona njaa tu, na njaa inadai deni lake. Jioni ukiketi mbele ya sufuria, deni linalipwa kwa mkupuo.

Wengi huita hilo ulafi au udhaifu wa moyo. Sivyo. Miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, vijana wa kiume 36 wenye afya, waliojitolea, walipunguziwa chakula kwa karibu miezi sita. Walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kujitenga na wenzao na kuingiwa na huzuni nzito. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado hawakujiona wameshiba. Hao walichaguliwa kwa sababu walikuwa timamu. Kwa hiyo mdogo wangu, ile saa 4 ya machozi ilipikwa na njaa ya saa 1 asubuhi.

Kula ndani ya saa moja na nusu tangu kuamka. Chagua kimoja:

- Kiporo cha wali na maharage, kilichopashwa mpaka kitoe mvuke.
- Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na yai moja au mawili.
- Uji wa dona bakuli kubwa, umekorogwa na karanga za kusaga au maziwa.
- Chapati na maharage kwa mama ntilie wa kituoni.

Andazi moja na chai ya rangi ni kionjo tu. Na chai yenyewe isogeze mbele au nyuma ya mlo kwa saa moja hivi, kwa sababu hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyafyonza kutoka kwenye maharage na mboga. Mwanamke anayepoteza damu kila mwezi na kucheza saa tatu kwa siku hana chuma cha kuchezea. Badala ya chai, kamua ndimu au kula chungwa. Vitamini C husaidia chuma kupita.

"Asubuhi sina hamu kabisa." Najua. Hamu haipo kwa sababu ulikula sana usiku, na ulikula sana usiku kwa sababu asubuhi hukula. Mduara huo unakatwa upande wa asubuhi. Siku ya kwanza kunywa nusu kikombe cha uji, siku ya nne kikombe kizima. Kufikia wiki ya pili tumbo lenyewe litakuamsha.

Umefanikiwa ukiona saa 5 inakuja na njaa ya kawaida, isiyo na mtetemeko wala hasira za bure, na sahani ya usiku inapungua yenyewe bila kuamrishwa. Usikimbilie hatua ya 3 kabla ya kuona hilo kwa siku tano.

## Hatua ya 3: Chakula cha kabla ya mazoezi

Hapa ni suala la saa. Mlo kamili wa wanga, kitoweo na mboga uingie muda wa saa tatu kabla ya mazoezi. Ukibakiwa na saa moja tu, kula chepesi: ndizi mbivu mbili, tende tano, au vipande viwili vya mkate na siagi ya karanga kidogo.

Karibu na mazoezi epuka chipsi mayai, maharage mengi na supu yenye mafuta. Si vibaya, ila vinachelewa tumboni, na mtu anayekata mauno kwa mdundo wa singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, atavisikia vikipanda kooni.

Umefanikiwa kama nusu saa ya mwisho ya mazoezi unakosea stepu kwa sababu ni ngumu, na si kwa sababu umesahau uko wapi.

## Hatua ya 4: Maji, chumvi, na habari ya nailoni

Ile mizani uliyoazima kazi yake ni hapa. Jipime kabla ya mazoezi ukiwa na nguo chache, fanya mazoezi ya saa moja, jifute jasho, jipime tena. Kilo 1 iliyopungua ni sawa na lita 1 hivi ya jasho. Jumlisha na maji uliyokunywa katikati, na hicho ndicho unachovuja kwa saa moja. Andika, kisha rudisha mizani kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

Ukipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, yaani kilo 1.1 kwa mtu wa kilo 55, nguvu na umakini huanza kushuka. Kunywa kidogokidogo kila mnapopumzika, na baada ya mazoezi rudisha lita 1 na robo hadi lita 1 na nusu kwa kila kilo iliyopotea, polepole kwa saa kadhaa.

Mazoezi yakizidi saa moja katika joto la Dar, Tanga au Mombasa, tengeneza kinywaji: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, ndimu kwa ladha. Onja. Kikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya.

Onyo la kwanza: usishindane kunywa malita ya maji matupu kwa mkupuo. Chumvi ya damu ikishuka mno mtu huchanganyikiwa, hutapika, na anaweza kupoteza maisha.

Onyo la pili ni la nailoni. Nilikuwa na miaka 21. Kiongozi wetu wa wakati ule alikuwa na mtindo wa kukufinya ubavu kwa vidole viwili mbele ya wenzako: "Hii nyama uzembe inakula posho ya nani?" Siku ya harusi moja kubwa nilijizungushia nailoni tumboni mizunguko minne, nikavaa sare juu yake. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Wimbo wa pili, jasho lilikuwa limejaa ndani ya nailoni kama maji kwenye mfuko, linashuka mapajani, na ngoma nilikuwa naisikia kwa mbali kama inapigwa nyumba ya jirani. Nilianguka nyuma ya pazia. Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa mpishi wa harusi, mama wa makamo, akaikata nailoni kwa kisu chake cha vitunguu, akaninywesha dafu. Kilo moja na nusu niliyojivunia asubuhi ile ilirudi yote kabla ya kulala.

Nailoni haiyeyushi mafuta. Inatoa maji, na inazuia mwili usipoe. Joto la mwili likipanda kupita kiasi linadhuru ubongo na viungo vya ndani. Ukimwona mwenzako amejifunga, mfungue.

Umefanikiwa kama mkojo wako ni wa njano hafifu na kichwa hakigongi jioni.

## Hatua ya 5: Baada ya mazoezi

Kula ndani ya saa mbili, mapema zaidi kama kesho mna mazoezi tena. Misuli inadai vitu viwili: wanga wa kujaza akiba na protini ya kujikarabati. Mchezaji anahitaji kati ya gramu 1.2 na 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zigawanywe kwenye milo. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva 15 hivi, glasi ya maziwa 8, na konzi kubwa la dagaa wakavu linapita 15. Dagaa hao wakiliwa wazima na mifupa yao wanakupa kalsiamu pia. Nasema haya kwa wale wanaolipia makopo ya unga ilhali sokoni dagaa wapo.

Siku ya mazoezi mazito nusu ya sahani iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo kitoweo, robo mboga. Ndiyo, nusu. Ugali umesingiziwa mno.

## Hatua ya 6: Siku ya shoo

Tatizo la shoo ni kwamba ratiba ni ya kwenye karatasi. Mmeambiwa saa 2 usiku, mtapanda saa 6. Panga kwa kuchelewa.

1. Asubuhi kula kama kawaida, chakula ulichokizoea. Siku ya shoo si siku ya kujaribu chakula kipya.
2. Mlo mkubwa uwe saa 8 hadi 9 mchana.
3. Saa 12 jioni kula kidogo: mkate, ndizi, mtindi.
4. Mkobani weka tende, kashata na chupa mbili. Kila dakika 90 za kusubiri, kula kitu kidogo. Usingoje chakula cha mwandaaji.
5. Ukishuka jukwaani, hata iwe saa 8 usiku, kula kabla ya kulala. Kile kibakuli chenye mfuniko kimebebwa kwa saa hiyo, na kiwe na chakula kisichochacha upesi kwa joto: chapati, karanga.

Vinywaji vya kuongeza nguvu: kopo la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi za kafeini. Moja halitakuua. Matatu kwenye tumbo tupu, moyo unakimbia kabla hujacheza, mikono inatetemeka, na usingizi unakwenda mpaka alfajiri. Ukichanganya na pombe hujui tena kama umelewa.

Kwa wanaofunga Ramadhani: hamishieni mazoezi usiku, yaanze ukipita muda wa saa moja na nusu hadi mbili tangu futari. Fungueni kwa tende, maji na uji, chezeni, kisha mle mlo kamili. Daku msiiruke, ndiyo asubuhi yenu.

## Hatua ya 7: Kioo, simu na midomo ya watu

Huku kwetu shinikizo linavuta pande mbili. Wa dansi ya kisasa anaambiwa apungue awe mwepesi wa kunyanyuliwa. Wa chakacha, baikoko au shoo za bongo fleva anaambiwa awe na umbo namba nane: kiuno cha nyigu, makalio ya kujaza kamera. Nimewahi kuwa na wasichana wawili chumba kimoja, mmoja anajinyima chakula, mwenzake anameza vidonge vya kunenepa, na wote wawili wanalia mbele ya kioo kilekile. Wavulana nao wamo, wa kusaka kifua na vipande sita vya tumbo.

Vidonge hivyo niseme wazi. Vya kunenepesha mara nyingi huwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula. Steroidi hujaza maji usoni, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa. Na kama umezimeza kwa wiki kadhaa, usiziache ghafla. Mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake, na kukatisha kwa siku moja kunaweza kukuangusha. Nenda hospitali na pakiti mkononi, upangiwe namna ya kupunguza. Chai za kupunguza mwili nazo nyingi ni majani ya kuharisha. Unapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki pale pale.

Sasa kazi yenyewe, ifanye kwa wiki tatu:

Kioo. Siku moja kwa wiki kifunikeni kwa kanga mbili. Mtakosea mistari mwanzoni, kisha mtaanza kusikilizana kwa mguu na pumzi.

Video. Kabla ya kuitazama, andika maswali matatu ya kazi: je, niliwahi mdundo? Mikono ilifika? Nilikuwa kwenye nafasi yangu? Itazame mara moja, jibu, funga. Ukijikuta umesimamisha picha na kulikuza tumbo, hapo hutazami dansi tena.

Maoni ya mitandaoni. Siku ya kwanza baada ya kuweka video, mpe mwenzako simu afute matusi. Siku yake, wewe unamfutia.

Sare. Sare ishonwe kwa mwili ulionao leo. Mpe fundi vipimo vyako, usimpe ndoto zako. Sare inayobana mbavu inakunyima pumzi, na wimbo wa tatu utaijua.

Kiongozi wa shoo. Wengi mnaniuliza mseme nini. Semeni hivi, faraghani na kwa heshima: "Kaka, nikikosea stepu nirekebishe hata mbele ya watu. Ila mwili wangu naomba usiutaje mbele ya wenzangu. Nikisikia hivyo naacha kula, na nikiacha kula nakuangushia shoo." Maneno hayo yameshawahi kunyamazisha wakali. Akiendelea, au akitumia mwili wako kukuomba kitu kingine, ondoka kwenye kundi na mweleze mtu mzima unayemwamini.

Umefanikiwa siku utakapomaliza mazoezi ukikumbuka stepu iliyokukaa vizuri, na ukashtuka kuwa hukufikiria tumbo lako tangu mchana. Haitakuwa kila siku.

## Hatua ya 8: Dalili za kusimama na kwenda hospitali

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa jina tatizo la wanamichezo wanaotumia nguvu nyingi kuliko chakula wanachokula, na ikasema bayana kwamba wanaume nao hupata. Kabla ya hapo lilionekana la wasichana peke yao. Madansa tumo. Simama ukiona:

- Hedhi imekata miezi mitatu na huna mimba. Wapo wanaoifurahia kama pumziko. Ni mwili umezima taa kuokoa umeme, na mifupa inalipa.
- Maumivu ya mfupa wa mguu au unyayo, mahali pamoja unapopagusa kwa kidole, yanayorudi kila ukiruka. Huenda ni ufa.
- Kuzimia, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, baridi ya mikono wakati wote.
- Kujitapisha, au kunywa dawa ya kuharisha baada ya kula.
- Kula kwa kujificha, kukwepa kila mlo wa pamoja.
- Kutamani usiwepo. Hili halisubiri kesho, na usikae peke yako usiku huo.

Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili na maafisa ustawi wa jamii. Muhimbili ina idara yake. Aliye chini ya miaka 18, Tanzania au Kenya, anaweza kupiga 116 bila malipo.

Ukifika, usiseme "najisikia vibaya" ukaondoka na panadol. Toa lile daftari. Sema: "Nacheza saa kadhaa kwa siku, hiki ndicho ninachokula, hedhi yangu ya mwisho ni tarehe fulani, na huwa najitapisha mara kadhaa kwa wiki." Omba upimwe wingi wa damu, shinikizo la damu na chumvi za mwili. Kama unaona haya kutamka neno kujitapisha, liandike kwenye ukurasa wa mwisho umpe daktari asome.

Na wewe mwalimu, ukimwona mmoja wako anayeyuka, usimwambie "mbona umekonda" wala "kula bwana". Mwite pembeni baada ya mazoezi, mkae, uwe na chakula cha watu wawili. Anza kula cha kwako.